Walikuwa na kazi rahisi?

Mwandishi, hapo uliposema madereva wa zamani walikuwa na kazi rahisi kwa sababu malori yalikuwa machache, sikubaliani nawe. Baba yangu mdogo alianzia utingo enzi zile waziri mkuu Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Novemba 1965, Zambia iliyopata mafuta kupitia huko ikayakosa. Mapipa yalipakiwa Dar, yakapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, barabara ya vumbi, masika tope tupu, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Mlima wa Kitonga waliupanda utingo akitembea nyuma na jiwe la kuzuia tairi! Baadaye akakabidhiwa usukani, na ada zetu zote zilitoka humo, pamoja na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Akifika Mlima Nyoka anapiga honi, mama mdogo pale Uyole anabandika maji ya ugali. Na wewe ndugu unayesema dereva wa lori ana mke kila kituo: wapo, sikatai. Baba mdogo alikuwa na mmoja, na ndiye aliyemzika.