Tamko: Abiria wa Nairobi Apewe Haki Sawa na wa London

Sisi wanachama wa chama cha abiria wa njia ya Nairobi na London tunalitoa tamko hili kwa Bunge la Taifa la Kenya, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mashirika ya ndege na kwa wasafiri wenzetu.

Abiria anayeondoka Heathrow kuja Nairobi analindwa na sheria ya Uingereza, awe amepanda ndege ya shirika lolote. Akifika akiwa amechelewa kwa muda wa saa 4 au zaidi, na chanzo kikiwa ndani ya uwezo wa shirika, anastahili fidia ya pauni 520. Siku ya kurudi, mtu yuleyule akipanda ndege ya shirika la Kenya pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), sheria hiyo haimfuati, kwa kuwa katika safari za kuingia Uingereza inayabana mashirika ya huko na ya Umoja wa Ulaya pekee. Umbali ni uleule, zaidi ya kilomita 6,500. Usiku wa kulala vitini ni uleule. Tunasema wazi kwamba hii si haki.

Akiwa JKIA, nguzo yake kuu ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao nchi zote mbili zinaufuata. Kifungu cha 19 kinalibebesha shirika hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo ni SDR 6,303 kwa kila abiria; SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni ulinzi mkubwa kwenye karatasi. Lakini mkataba hautaji kiasi ambacho abiria atalipwa kwa kucheleweshwa tu. Ni lazima aonyeshe alichopoteza, na shirika likikataa, aende mahakamani. Mwanafunzi aliyekosa siku ya usajili, au bibi aliyelala uwanjani akienda kumwona mjukuu, atampata wapi wakili wa kumdaia pesa za hoteli na teksi? Wengi hukata tamaa, na hasara inabaki kwao.

Hatupuuzi ugumu wa kazi ya mashirika. Moto kwenye kituo cha umeme ulipoifunga Heathrow tarehe 21 Machi 2025, hakuna rubani ambaye angeweza kutua pale. Katika hali kama hiyo fidia haidaiwi, nasi tunakubali. Chakula na malazi, hata hivyo, sheria ya Uingereza inaendelea kumdai msafirishaji. Tunachokataa ni maneno "hitilafu ya kiufundi" kutumiwa kufunga kila mjadala. Mahakama za Uingereza zimekwisha kuamua kwamba hitilafu za kawaida za mitambo ni sehemu ya biashara ya ndege, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema hata rubani kuugua si sababu ya kulisamehe shirika.

Kwa hiyo tunalitaka Bunge liweke viwango vya fidia visivyopungua vile vya London kwa kila ndege ya kimataifa inayoondoka katika ardhi ya Kenya, bila kujali bendera yake. Shirika nalo lilazimishwe kumpa abiria sababu ya kuchelewa kwa maandishi, siku hiyohiyo, kwa lugha anayoielewa. Bila karatasi hiyo, madai yote huishia kwenye mabishano ya kaunta.

Wasafiri wenzetu, msingoje sheria mpya. Tunzeni pasi ya kupandia ndege na risiti za chakula, hoteli na teksi. Mzigo ukichelewa, lalamikeni kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mlipoupokea. Na kumbukeni kwamba chini ya Mkataba wa Montreal kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu siku ndege ilipofika, au ilipopaswa kufika.