Miguu imegoma, si jini!

Leo mzaha kidogo tu, roho yangu ndiyo kwanza inarudi mahala pake.

Mtoto wa ami yangu, kijana wa Malindi, mpira kila jioni. Aliharisha siku tatu, akapona. Wiki ya pili akasema nyayo zinamfa ganzi. Tukamcheka: "We umeshazeeka!" Kesho yake ngazi za nyumba yao, zile za Mji Mkongwe zilizosimama kama mnazi, zikamshinda. Siku ya nne hata kikombe cha chai hakishiki.

Bibi akasema kachezewa, aletewe kombe. Hospitali daktari akataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Wee! Ukoo mzima ukalia: "Akitolewa maji ndiyo basi, hainuki tena!" Na mimi, msomi wenu, nilikuwa wa mbele kukataa.

Daktari hakukasirika. Akauliza, "Mnalikumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010?" Nani alisahau! Umeme Bara ulikuwapo, taa zetu Unguja nzima, njia ya waya ndiyo iliyoharibika. Basi na mwili ndivyo: ubongo mzima, misuli mizima, waya ni mishipa ya fahamu. Baada ya maradhi kama kuharisha, askari wa mwili waliomo kwenye majimaji ya damu wanaweza kukosea adui. Wanaitafuna ngozi ya waya, au wanaharibu vilango vinavyopitisha umeme wake. Amri ya ubongo haifiki mguuni.

Maradhi yenyewe yanaitwa Guillain-Barré. Mwaka 1916 Wafaransa watatu, Guillain, Barré na Strohl, waliwapima wanajeshi wawili waliolegea, wakakuta maji ya uti yana protini nyingi lakini chembe chache. Alama hiyo ndiyo inayotafutwa mpaka leo. Yanachukuliwa maji kidogo tu, na mwili unatengeneza mengine siku hiyohiyo.

Tiba ni kubadilisha majimaji ya damu, au kutiwa kinga za watu wengine kwa mshipa. Ghali, jamani! Wengi wanainuka, ila kwa miezi. Hatari ni pumzi: karibu mmoja katika wanne huhitaji mashine. Ganzi inayopanda kutoka nyayoni haingoji kesho.

Tulikubali. Leo kijana anajikongoja na fimbo mpaka Forodhani. Bibi anaapa ni kombe. Mwacheni bibi, lakini hospitali kwanza!