Waliotoa damu wapewe majibu

Watafiti hufika katika vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe, Mwenga na kisiwa cha Idjwi. Hupima watoto kilo, huchukua damu kidogo, huuliza familia inakula nini na mifugo inalishwa nini. Wenye nyumba hujibu, huweka sahihi au kidole kwenye karatasi ya ruhusa, kisha wageni hurudi Bukavu. Miezi au miaka baadaye, matokeo hutoka katika gazeti la kisayansi, mara nyingi kwa Kiingereza. Muuguzi aliyesaidia kazi hiyo alisomea kwa Kifaransa. Mama aliyekubali mtoto wake apimwe anaongea Mashi, Kihavu au Kirega. Jibu linachapishwa, lakini halimfikii.

Hali hiyo ibadilike, kwa sababu matokeo ya Kivu ya Kusini yanagusa maisha ya kila siku ya wale waliosaidia kuyapata.

Mfano wa kwanza ni Lwiro, katika teritware ya Kabare. Kwa miaka mingi hospitali ya watoto ya hapo imepokea watoto wenye bwaki, yaani utapiamlo mkali. Watafiti wa Université Catholique de Bukavu na wenzao wa Université libre de Bruxelles walifungua madaftari ya watoto waliotibiwa kati ya mwaka 1988 na 2007, wakaenda kuwatafuta vijijini. Walichunguza 524 kati yao, wakiwa sasa watu wazima wa miaka 22 hivi, wakawalinganisha na watu 407 wa rika lao, wa maeneo yale yale, ambao hawakuugua bwaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa wastani, waliougua utotoni walipata alama za chini katika vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, na hawakufika mbali shuleni kama wenzao.

Haina maana kwamba kila mtoto aliyeugua bwaki atashindwa masomo. Wastani hauhukumu mtu mmoja. Lakini somo liko wazi: mtoto akipona na kurudishwa nyumbani, kazi haijaisha. Anahitaji chakula bora baada ya hospitali, mtu wa kuongea na kucheza naye, na mwalimu mwenye subira. Mwalimu asiyejua habari hiyo atamwita mvivu mtoto ambaye mwili wake ulipigana na njaa akiwa na miaka miwili. Mzazi asiyejua atamtoa shuleni mapema. Utafiti huo ulipaswa kuwa mazungumzo ya kila mkutano wa wazazi kuanzia Miti hadi Katana.

Mfano wa pili ni Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika teritware ya Mwenga. Tangu Septemba 2023 hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, hospitali ya Kamituga ilipokea watu 241 walioshukiwa kuwa na mpox. Maabara ilithibitisha 108. Watafiti Wakongomani na wenzao wa nje waliposoma jeni za virusi hivyo, walikuta tawi jipya, ambalo sasa linaitwa klade Ib. Waliona pia alama za mabadiliko ambayo hutokea virusi vinapopita kutoka mtu hadi mtu. Kumbe nyama ya porini haikutosha kueleza mlipuko huo. Ngozi kugusana na ngozi, kulala kitanda kimoja na kujamiiana ndizo njia zilizokuwa zikipitisha ugonjwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kipimo kimoja cha kutambua aina ya virusi vya Afrika ya Kati kilikuwa kikitafuta kipande fulani cha jeni, na virusi vya Kamituga vilikuwa vimepoteza kipande hicho. Maabara ambayo ingetegemea kipimo hicho peke yake ingeweza kukosa virusi hata mbele ya mgonjwa mwenye vidonda. Ugunduzi huo ulitoka kwa wagonjwa wa Mwenga, ukasaidia maabara za nchi nyingine kurekebisha vipimo. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Waliotoa usaha wa vidonda vyao Kamituga waliisaidia dunia nzima.

Kamituga inafundisha pia kwamba matokeo yakirudi vibaya yanaumiza. Karibu watatu kati ya wagonjwa kumi waliothibitishwa walikuwa watu wanaouza mwili. Habari hiyo ikitupwa sokoni bila maelezo, raia watasema ni ugonjwa wa malaya, na mama wa nyumbani au mwanafunzi mwenye vidonda ataficha mwili wake. Baadaye watoto wengi wa Kivu nao waliugua. Kwa hiyo kurudisha majibu ni kazi ya kujifunza, yenye maneno yaliyopimwa, na majina ya wagonjwa yakibaki siri.

Mfano wa tatu uko jikoni. Familia nyingi za Kabare na Walungu zinafuga kobayi, ambaye wengine humwita simbiliki. Ng'ombe aliibiwa na wenye silaha, mbuzi naye akafuata, lakini kobayi hukaa chini ya meza, huzaa baada ya miezi miwili na zaidi kidogo, na mtoto anaweza kumbeba familia ikikimbia. Watafiti wa Bukavu na wa kituo cha kimataifa cha CIAT wameandika juu ya ufugaji huu tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kuna mambo mawili ambayo kila mfugaji anapaswa kuyajua. Kobayi, kama binadamu, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake, kwa sababu jeni ya kazi hiyo iliharibika zamani katika ukoo wake. Mbuzi na sungura wanaweza. Kobayi anayelishwa maganda makavu tu atadhoofika na kufa, wakati majani mabichi yako nyuma ya nyumba. Pili, dume mmoja akiachwa na mabinti zake kizazi baada ya kizazi, watoto huzaliwa wadogo na wanyonge. Dawa yake ni kubadilishana madume na jirani, na haigharimu hata franka moja.

Watafiti wana majibu yao, na mengine ni ya haki. Utafiti mmoja si neno la mwisho. Kutangaza mapema kunaweza kuleta uvumi. Pesa za mradi huisha makala yakitoka. Na vita imefanya kila safari kuwa ngumu, hasa tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025. Lakini uvumi hukua zaidi pale watu wanapoachwa gizani. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, vituo vya matibabu vilishambuliwa Butembo na Katwa, na wengi waliamini kwamba ugonjwa ni biashara. Agosti 2019, majaribio yaliyofanyika huko huko Kivu ya Kaskazini yalionyesha kwamba dawa mbili zinaokoa wengi, hasa wanaofika mapema. Matokeo yalitangazwa bila kungoja, tena katikati ya vita. Wahudumu walipata ujumbe mpya wa kupeleka mlangoni: Ebola inatibika. Kwa hiyo inawezekana.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kamati za maadili za vyuo vikuu vya Bukavu zisipitishe utafiti wowote usiosema majibu yatarudi wapi, lini, kwa lugha gani na kwa pesa zipi. Kila utafiti uache ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, usomwe kwenye kituo cha afya siku ya kupima watoto kilo. Zoni za afya ziwape wahamasishaji wao maneno sahihi. Redio za jamii zialike watafiti, na raia wawaulize maswali. Habari za mifugo zipite katika vikundi vya MUSO na AVEC, ambako akina mama hukutana kila juma. Na mtu ambaye damu yake imeonyesha ugonjwa, aambiwe yeye kwanza, kwa siri, na aelekezwe kwenye matibabu.

Raia nao wana haki ya kuuliza kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi: majibu mtatuletea lini? Mtafiti mwema hatachukizwa na swali hilo. Bila wao hana damu ya kupima wala makala ya kuchapisha.