Maji kwanza, ndiyo baadaye

Mimi ni mama lishe hapa Manundu, Korogwe. Bunge la bajeti huanza Aprili kule Dodoma, na wabunge wa CCM, ambao ndio wengi, hupanga msimamo wao kwanza kwenye kikao cha chama. Mwezi Juni, bajeti ikipigiwa kura, kila mbunge huitwa kwa jina, akajibu ndiyo au hapana. Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo "hapana" haitarajiwi. Basi shida zetu zisemwe mapema, chamani. Mto Pangani unapita Korogwe, ila bomba likikauka nanunua maji kwa dumu la lita 20, na bei ya wali inapanda. Waheshimiwa, tupiganieni maji kwanza, ndipo mseme ndiyo.