Tarakilishi na Matamshi Yetu: Nani Atasikika?

Mkongwe wa Mombasa akitamka 'mtele' badala ya 'mchele' mbele ya chombo cha kutambua usemi, je, amekosea? Wapo wasemao kwamba hukumu ilikwisha kutolewa mwaka 1928, Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Naikana hoja hiyo. Usanifishaji uliratibu maandishi. Haukufuta ndimi za watu.

Hata hivyo, kukaribisha kila sauti bila mpango ni kuharibu. Chombo hicho chaweza kutegemea kamusi ya matamshi, ambamo neno moja laweza kupewa matamshi mawili au zaidi. Tukiruhusu /r/ na /l/ zibadilishane popote, 'kura' na 'kula' yatakuwa neno moja. Kila kibadala, basi, kiingizwe kwa ushahidi wa wasemaji na kadiri kitumikavyo.

Kusema ni suala jingine, kwani mashine isomayo maandishi haina budi kuchagua. 'Barabara' ya magari huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. 'Barabara' yenye maana ya sawasawa, kwenye ya tatu. Msemaji wa Kimvita naye hutofautisha 'paa' wa mwituni na 'paa' la nyumba kwa mpumuo, ilhali tahajia haionyeshi lolote.

Mhandisi peke yake hawezi kuyajua haya. Sisi wanafunzi wa fonolojia tusipoyakusanya, atakayeambulia patupu ni yule mkongwe, mwenye lugha yake mwenyewe. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.