Kifaru Kitazamwe Mgongoni

Mwezi wa Novemba 1943 watu wa London walimiminika katika uwanja wa Horse Guards Parade kukitazama kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger, nambari 131, kilichotekwa huko Tunisia mwezi wa Aprili mwaka ule ule, wakastaajabia chuma cha mbele chenye unene wa milimita 100 na mzinga wa milimita 88. Lakini siri ya dude lile la tani 57 hivi, kwa rai yangu, haikuwa mbele walikokodolea macho, bali mgongoni na chini ya sakafu.

Mgongoni mlikuwa na injini ya Maybach ya silinda 12, na ijapokuwa stata ya umeme ilikuwamo, mafundi hawakuitegemea peke yake, kwani baridi kali huidhoofisha betri. Waliweka na hendeli, iliyozungushwa na watu wawili waliosimama nyuma, taratibu kwanza, hata gurudumu zito la ndani likashika kasi, ndipo likaunganishwa na injini na kuiamsha. Aliyewahi kupiga hendeli lori kuukuu la kwetu hatawacheka. Mimi nahesabu kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye busara kupita zote katika kifaru kile.

Chini ya sakafu mambo yalikuwa mengine. Shafti iliyotoka kwenye injini kwenda gia boksi ya mbele ndiyo hiyo hiyo iliyoazimwa nguvu ya kuendesha mtambo wa haidroliki uliogeuza mnara wa mzinga, hata wepesi wa mnara ukategemea mwendo wa injini. Na injini ikizimika, mlenga shabaha hakuwa na hila ila kuzungusha gurudumu la mkono mara 720 ili mnara utimize duara moja, na adui hangoji. Si kwamba maarifa mengine yalikosekana: Panzer IV, kifaru kingine cha Kijerumani, ilikuwa na injini ndogo ya pekee ya kufua umeme wa mnara, nayo, ajabu, katika toleo la 1944 iliondolewa ili ipatikane nafasi ya tangi la mafuta, askari wakaachiwa mikono yao.

Tiger 131 ingali inanguruma katika jumba la makumbusho la Bovington, Dorset, japokuwa kwa injini isiyo yake ya asili. Msomaji uliyeko London, panda treni ushuke kituo cha Wool, nawe ukifika, anza kwa kuizunguka nyuma.