Nguvu za Akili na Fedha za Umma

Tangu mwaka 1972 hadi 1995 Serikali ya Marekani iliwalipa watu wakae chumbani, watulize nafsi zao, kisha waeleze yaliyomo katika kambi na viwanda vya Urusi vilivyo mbali nao maelfu ya maili. Kazi hiyo ilianzia katika taasisi ya SRI, California, mikononi mwa wanafizikia Harold Puthoff na Russell Targ. Baadaye ikaingia jeshini, na jina lake la mwisho likawa Stargate. Gharama yake ilifikia kiasi cha dola milioni 20.

Msomaji asifanye haraka kucheka. Kuuliza kama akili ya mwanadamu ina uwezo tusioujua si upumbavu, na waliouliza walikuwa wasomi. Lawama yetu iko kwingine. Jambo hili lilizaliwa kwa hofu: dola moja ilisikia kwamba hasimu wake analichunguza, nayo haikutaka kuachwa nyuma. Hofu hiyo ikazaa siri, na siri ikaifunika kazi isipate mkaguzi.

Yale machache yaliyotangazwa yalikaguliwa, na aibu ikaonekana. David Marks na Richard Kammann, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waligundua katika miaka ya 1970 kwamba maandishi waliyopewa waamuzi yalikuwa na dalili za kuwaongoza, kama vile kutajwa kwa mahali palipotembelewa jana yake. Mwenye kupiga ramli naye husema, “Naona maji, naona kitu kirefu,” na mteja mwenyewe ndiye anayekamilisha habari.

Mwaka 1995 tathmini ikafanywa hatimaye. Mtakwimu Jessica Utts alisema matokeo yalizidi bahati nasibu. Mwanasaikolojia Ray Hyman akakataa kwamba hilo ni ushahidi wa nguvu yoyote. Lakini kuhusu manufaa ripoti haikusita: hapana hata mara moja ambapo habari zile ziliongoza operesheni ya kijasusi.

Tulinganishe na Princeton. Huko mhandisi Robert Jahn alifungua maabara mwaka 1979, akawaketisha watu mbele ya mashine zinazotoa namba kwa bahati, mfano wa kurusha sarafu, akawataka wazielekeze kwa nia tu. Alidai kuona tofauti ndogo mno, ya sehemu chache katika elfu kumi. Fedha zilitoka kwa wafadhili binafsi, na matokeo yakachapishwa. Kwa hiyo maabara za Freiburg na Giessen, Ujerumani, ziliweza kurudia jaribio kwa kushirikiana na Princeton yenyewe. Mwaka 2000 zikatangaza kwamba athari iliyotarajiwa haikuonekana. Maabara ya Jahn ilifungwa mwaka 2007. Huo ndio utafiti, hata ukishindwa.

Ndugu maofisa wetu, wanaoletewa kila mwaka mipango ya ajabu yenye mihuri mizuri, tunawaomba waulize maswali mawili kabla ya kutia saini: nani wa nje atakagua, na ni matokeo gani yatatufanya tuache? Wamarekani hawakuyauliza mapema. Sehemu kubwa ya majalada ya Stargate iliwekwa kwenye mtandao mwaka 2017. Mlipa kodi aliyekuwa kijana wa miaka 20 kazi ilipoanza, alikuwa amefikia miaka 65.